Opsheni, RPO au kiinimacho: chenga ipi ya futiboli ya vyuo inaifaa timu yako?

Msimu wangu wa kwanza wa kusaidia kufundisha timu ya mtaani ya futiboli ya Kimarekani hapa Ohio, watoto wa miaka 12 na 13, nilitumia jioni mbili nzima kuwafundisha mchezo mmoja niliouona kwenye video. Mpokeaji anakimbia, anageuka, anadaka pasi, na kabla hajakabwa anamtupia mwenzake anayepita nyuma yake kwa kasi. Jumamosi tukaujaribu. Pasi ilifika. Mtupo wa pili ukatua mikononi mwa mtoto wa timu pinzani, ambaye hata yeye alishangaa, kisha akakimbia na mpira hadi mwisho wa uwanja. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa nyuma yangu akamwambia mwenziwe, bila kujua kwamba namwelewa: “Huyu kocha anafundisha batoto kugawa zawadi?”

Ninayemwandikia ni mtu aliye pale nilipokuwa mimi siku ile. Amepewa timu ya vijana huku Marekani, au mwanawe anacheza shuleni na anataka kujua kocha anafanya nini, na kila Jumamosi anaona kwenye televisheni vyuo vikubwa vikiwapeleka walinzi sokoni. Anajiuliza aanze na chenga ipi. Nitazipanga bega kwa bega zile nne ambazo vyuo vimezitegemea, nikisema kila moja inakulipisha nini.

Kwa aliyekulia kwenye soka

Wachezaji ni 11 kila upande. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unahama. Kila jaribio huanza watu wakiwa wamesimama. Mtu wa katikati anaurusha mpira nyuma kupitia miguuni mwake kwenda kwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, na kwa sekunde chache kila mmoja anafanya alichopangiwa. Ndiyo maana chenga ya mchezo huu haiko miguuni kama ya winga. Iko kwenye karatasi ya kocha tangu Jumanne.

Ujanja wote unazaliwa na sheria mbili. Ya kwanza: pasi ya mbele ni moja tu kwa kila jaribio, na lazima irushwe kabla ya kuvuka mstari mpira ulipoanzia, lakini mtupo wa nyuma au wa pembeni unaruhusiwa mara nyingi upendavyo. Ya pili: wale watano wa katikati ya mstari wa mbele hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele. Mengine yote ni kucheza kwenye ukingo wa sheria hizo.

Kwa nini tujifunze kwa vyuo na si kwa NFL, ligi ya kulipwa? Kwa sababu vyuo vinaishi maisha yanayofanana na yetu. Daraja la juu lina timu zaidi ya 130, na pengo kati ya tajiri na maskini ni kama Simba ikutane na timu ya kata. Wachezaji wanakuja na kuondoka kila mwaka, na kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaweka kikomo cha saa 20 kwa wiki msimu ukiwa unaendelea. Asiye na vifua vikubwa lazima atafute njia nyingine. Uwanja nao unasaidia: ile mistari midogo ambako mpira huwekwa imetengana futi 40 kwenye vyuo, wakati NFL ni futi 18 na nusu. Mpira ukiwekwa upande mmoja wa uwanja wa chuo, upande wa pili unabaki shamba tupu, na walinzi hawawezi kulijaza bila kufungua mahali pengine.

Opsheni ya njia tatu: uongo usio na mwongo

Kama timu yako ni ya watoto wembamba wenye nidhamu, soma sehemu hii mara mbili.

Kwotabeki anapokea mpira na kuuingiza tumboni mwa mkimbiaji anayepita mbele yake, macho yakiwa kwa mlinzi mmoja wa pembeni ambaye ameachwa bila kuzuiwa makusudi. Mlinzi akimvamia mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kukimbia nao mwenyewe kwenda pembeni. Huko anakutana na mlinzi wa pili, naye ameachwa wazi makusudi. Huyo akimfuata kwotabeki, mpira unatupwa kwa mkimbiaji wa tatu anayekwenda sambamba, yadi nne au tano kando. Akimfuata huyo wa tatu, kwotabeki anakata ndani na kwenda zake.

Uzuri wake ni wa hesabu. Kila mlinzi unayemwacha wazi ni mtu mmoja usiyehitaji kumsukuma, kwa hiyo watu wako wa mbele wanapata nafasi ya kwenda wawili kwa mmoja kwingine. Yule jitu la kilo 120 ambaye mtoto wako hamwezi, usimguse kabisa. Mwache achague, kisha mpe kosa. Wengi huuelewa vibaya mfumo huu wakidhani ni wa kuficha mpira. Kwotabeki mwenyewe hajui mpira utakwenda wapi mpaka mlinzi aamue. Utausomaje uongo usoni mwa mtu ambaye ukweli wenyewe hajaujua bado?

Bill Yeoman aliujenga msingi wake pale Houston katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1968 Emory Bellard, msaidizi wa Darrell Royal pale Texas, aliwapanga wakimbiaji watatu nyuma ya kwotabeki kwa umbo la mfupa wa kidari wa kuku. Mechi mbili za mwanzo hawakushinda hata moja: sare ya 20–20 na Houston hao hao wa Yeoman, kisha wakafungwa na Texas Tech. Baada ya hapo walishinda mechi 30 mfululizo. Kumbuka zile mbili za kwanza, kwa sababu na wewe zitakupata, na mzazi mmoja atakuandikia ujumbe mrefu usiku.

Mpaka leo vyuo vya kijeshi, Army, Navy na Air Force, vinaushikilia mfumo huu kwa sura mbalimbali, maana kijana wa kilo 140 hapiti mtihani wa viungo wa jeshi. Mwaka 2007 Navy waliwafunga Notre Dame 46–44 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza, na kuvunja mkosi wa kufungwa nao mara 43 mfululizo. Novemba 2013 Georgia Southern, waliokuwa daraja la chini, walikwenda nyumbani kwa Florida wakashinda 26–20 bila pasi yao hata moja kukamilika. Mwaka 2018 Army waliwapeleka Oklahoma hadi muda wa nyongeza wakiwa wameumiliki mpira kwa zaidi ya dakika 44 kati ya 60. Walifungwa 28–21, lakini nyota wa Oklahoma walitumia jioni yote wameketi benchi kama abiria waliochelewa basi. Mwaka 2024 Army hao hao wakatwaa ubingwa wa ligi yao, AAC, katika msimu wao wa kwanza humo.

Sasa gharama. Kwotabeki wako atapigwa karibu kila jaribio, hata asipokuwa na mpira. Mtupo wa tatu ukidondoka, ni mali ya atakayewahi. Ukiwa nyuma kwa pointi 14 na zimebaki dakika tano, umekwama, maana mfumo huu hula muda. Tangu mwaka 2022 NCAA imebana sana kuzuia chini ya kiuno nje ya eneo la katikati, na kuzuia huko ndiko kulikowawezesha wadogo kuwaangusha wakubwa pembeni. Army wenyewe walijaribu kuubadilisha mfumo wao mwaka 2023, kisha wakarudi kwa sehemu kubwa walikotoka.

Bado kuna malalamiko kwamba opsheni inachosha kutazama. Mimi siyakubali. Ukijua ni mlinzi gani ameachwa wazi, kila jaribio ni karata tatu za Kariakoo: unamwona mtu anaweka pesa yake, na unajua ataipoteza kabla yeye hajajua.

RPO: wazo lile lile, mpira hewani

RPO ni kifupi cha “run-pass option”, yaani mchezo wa kukimbia au kupasi. Mstari wa mbele unazuia kana kwamba ni mkimbizo. Kwotabeki anaushikilia mpira tumboni mwa mkimbiaji huku akimtazama beki mmoja wa kati. Beki akisogea mbele kuzuia mkimbizo, mpira unachomolewa na kurushwa pale pale alipotoka. Akibaki nyuma, mkimbiaji anaondoka nao na walinzi wamepungua mmoja. Ni mtoto wa opsheni aliyesomea mjini: badala ya kumtupia mtu pembeni, unamrushia mtu mbele.

Sheria ya vyuo ndiyo iliyomlea. Watu wa mstari wa mbele wanaruhusiwa kusogea hadi yadi tatu mbele kabla pasi haijarushwa. NFL wanaruhusiwa moja tu. Hizo yadi mbili za ziada ndizo zinazomtesa beki wa kati, kwa sababu amefundishwa tangu utotoni kwamba ukimwona mtu wa mstari wa mbele anakujia, huo ni mkimbizo. Anaamini macho yake, na macho yake ndiyo yanayopigwa changa.

Mfano ninaoupenda ni wa Novemba 30, 2013, Auburn dhidi ya Alabama. Zimebaki sekunde chache zaidi ya nusu dakika, Auburn wako nyuma 28–21. Walikuwa wameurudia mkimbizo ule ule wa Tre Mason hadi kila mtu uwanjani anaujua. Kwotabeki Nick Marshall akachomoa mpira, akakimbilia kushoto kama anayevuka mstari mwenyewe. Beki wa pembeni akamwacha mpokeaji na kuja kumzuia. Marshall, akiwa karibu kabisa na mstari, akarusha pasi fupi juu yake kwa Sammie Coates, ambaye hapakuwa na mtu yadi kadhaa kumzunguka. Tachidauni ya yadi 39, yaani mpira umefikishwa eneo la mwisho, na kwa mkwaju wa nyongeza ikawa sare. Dunia inaikumbuka mechi ile kwa kilichofuata, pale Chris Davis alipoudaka mkwaju wa Alabama uliopungua na kukimbia nao uwanja mzima wakashinda 34–28. Lakini makocha waliohangaika usiku ule nadhani walihangaikia pasi ya Marshall. Yule beki hakuzembea. Alifanya alichofundishwa, na ndicho kilichomponza.

Gharama ya RPO ni kichwa na mkono wa mtu mmoja. Uamuzi unafanyika ndani ya kama sekunde moja na nusu, mpira ukiwa bado umeshikwa na watu wawili. Akichelewa, mtu wa mstari wa mbele amekwisha kuvuka yadi tatu na bendera ya adhabu inarushwa. Akisoma vibaya, pasi inakwenda katikati ya uwanja, fupi na ya chini, kwa beki anayekimbia kuelekea upande wako wa nyuma. Nimeiona ikifanyika mara nyingi kwenye mechi za vijana, na kila mara mzazi wa kwotabeki hulaumu mpokeaji. Angalia pia kanuni za ligi yako: si kila ligi ya vijana inawapa watu wa mbele zile yadi tatu.

Kama una kijana mmoja mwenye macho ya dereva wa bodaboda, anayeona pengo kabla halijafunguka, RPO itakupa zaidi ya kitu kingine chochote hapa. Kama huna, mfumo wote unaanguka naye, na hakuna mtu wa akiba atakayeuokoa.

Wing-T: mzee asiyezeeka

Huu huwezi kuuona sana kwenye televisheni siku hizi, na ndiyo sababu nitauzungumzia zaidi kuliko wengine wangefanya. David Nelson aliukuza miaka ya mwanzo ya 1950 na kuufikisha Delaware, kisha Tubby Raymond akautumia hapo hapo kwa miongo hadi alipostaafu akiwa na ushindi wa mechi 300.

Kiini chake ni michezo mitatu au minne inayoanza kwa sura moja. Mtu mmoja anapita mbio kwa pembeni mbele ya kwotabeki. Mwingine anapita katikati. Kwotabeki anampa mmoja wao, na baada ya hapo anaendelea kukimbia kuelekea upande wa pili mikono ikiwa nyongani, kana kwamba bado ana kitu. Wakati mwingine anacho, na anapasi. Mlinzi anaona watu watatu wenye mikono iliyokunjwa tumboni, wakienda njia tatu.

Jet ya siku hizi, pale mpokeaji anapoanza kukimbia sambamba na mstari kabla mpira haujarushwa, ni mjukuu wa mchezo huu. Vyuo karibu vyote vinayo. Hata asipopewa mpira, mbio zake zinamlazimisha beki mmoja kusogea hatua mbili, na hatua mbili zinatosha.

Tofauti na opsheni, hapa kila kitu kimeamuliwa kabla. Kwotabeki hasomi chochote; anatakiwa kuigiza tu. Kwa watoto hilo ni zawadi kubwa. Mtoto wa miaka 12 anayeogopa kufanya uamuzi mbele ya wazazi 60 anaweza kabisa kuigiza kwamba ana mpira; wengine hufurahi mno hadi wanakabwa wakiwa mikono mitupu na kuinuka wakicheka. Gharama yake ni kwamba wasio na mpira lazima wafanye kazi kwa bidii kama wenye mpira. Mvivu mmoja anayetembea baada ya kukabidhi, na siri yote imefichuka.

Kiinimacho: michezo ya mara moja

Tumefika kwenye kile kilichotuleta wengi wetu. Januari 1, 2007, Glendale, Arizona, Fiesta Bowl, moja ya mechi kubwa za kufunga msimu. Boise State wa Chris Petersen, kocha aliyekuwa mwaka wake wa kwanza wa kuongoza, dhidi ya Oklahoma. Ikiwa imebaki kama dakika moja, kwotabeki wa Boise, Jared Zabransky, alinaswa pasi iliyorudishwa kuwa tachidauni. Oklahoma 35, Boise 28. Sekunde 18 kabla ya mwisho, jaribio la nne, yadi 18 za kusogea, wakiwa katikati ya uwanja. Zabransky akampasia Drisan James, na James akamtupia Jerard Rabb aliyekuwa akikatiza upande wa pili. Rabb akafika mwisho, zikabaki sekunde saba.

Muda wa nyongeza, Adrian Peterson akaifungia Oklahoma kwa jaribio la kwanza tu. Boise wakajibu kwa pasi iliyorushwa na Vinny Perretta, mpokeaji, kwenda kwa Derek Schouman. Badala ya kupiga mkwaju wa pointi moja wa kusawazisha, Petersen akaenda kutafuta mbili. Zabransky akainua mkono wa kulia kama anayerusha kwa wapokeaji watatu waliokuwa upande wa kulia, huku mkono wa kushoto ukiwa mgongoni na mpira. Ian Johnson akapita nyuma yake, akauchukua, akaingia kushoto bila kuguswa. 43–42. Kisha akamposa mpenzi wake, kiongozi wa washangiliaji, hapo hapo uwanjani.

Tazama tena ile picha ya mwisho, mtu anainua mkono wa kulia. Kwa nini Oklahoma waliamini? Kwa sababu kwotabeki aliye na wapokeaji watatu upande mmoja, kwenye jaribio la pointi mbili, kwa kawaida anapasi upande huo. Bila mazoea hayo, mkono ule ungekuwa mkono tu. Nebraska walijua hilo Oktoba 2001 dhidi ya Oklahoma: kwotabeki Eric Crouch, ambaye miguu yake iliogopwa na kila mtu, alikabidhi mpira, akajifanya kazi imekwisha, kisha akakimbia peke yake upande wa pili na kupokea pasi ya Mike Stuntz kwa tachidauni ya yadi 63. Walishinda 20–10. Mlinzi hakuwahi kuona sababu ya kumkaba kwotabeki kama mpokeaji.

Tatizo la kiinimacho ni kwamba kinaoza haraka. Video inasambaa Jumapili, na kufikia Jumatatu kila kocha unayekutana naye amekwisha kuiona. Na kinapofanya kazi mno, sheria huja kukiziba. Mwaka 1903 wachezaji wa Carlisle, shule ya vijana wa makabila asilia iliyofundishwa na Pop Warner, waliuficha mpira ndani ya jezi ya mwenzao mgongoni, akakimbia nao hadi mwisho mbele ya Harvard. Harvard walishinda 12–11 hata hivyo, lakini mchezo ule hauruhusiwi tena. Kwenye Orange Bowl ya Januari 1984 Nebraska waliuacha mpira chini makusudi ili Dean Steinkuhler, mtu wa mstari wa mbele, auokote na kufunga dhidi ya Miami. Nao ukapigwa marufuku baadaye. Desemba 2021 Kenny Pickett wa Pittsburgh alijifanya anateleza chini ili asikabwe, walinzi wa Wake Forest wakapunguza mwendo kumhurumia, akaendelea mbio kwa yadi 58. Siku chache baadaye waamuzi walielekezwa kwamba anayeanza kujifanya hivyo ahesabiwe ameanguka.

Nakuonya kuhusu jambo moja zaidi, maana video zake zinazunguka sana. Kocha anapiga kelele kwamba mpira si sahihi, kwotabeki anauchukua na kutembea taratibu katikati ya walinzi waliosimama, kisha anatimua mbio. Usiufundishe. Waamuzi wa ligi za shule wanauhesabu kuwa mchezo usio wa haki, na hata wakiupitisha, umemtania mtoto wa miaka 11 aliyemwamini mtu mzima.

Kuhusu kasi, kwa ufupi

Kuna wanaoihesabu kasi kuwa ni chenga pia. Oregon chini ya Chip Kelly walionyesha mabango yenye picha pembeni mwa uwanja ili kuita mchezo bila kukusanyika, na Tennessee walitumia kasi ya namna hiyo kuwafunga Alabama 52–49 mwaka 2022. Tangu 2024 mchezaji mmoja uwanjani anaruhusiwa redio kwenye kofia katika daraja la juu, kwa hiyo mabango yamepungua umuhimu. Timu yako haina redio na nusu ya watoto hawajafunga kamba za viatu. Songa mbele.

Bega kwa bega

Pima kwanza kwa saa za mazoezi. Opsheni inataka karibu muda wako wote. Huwezi kuichanganya na mfumo mwingine mwezi wa kwanza. Wing-T inataka muda wa wastani, lakini kwa wachezaji wote 11. RPO inakula muda wa watu watatu: kwotabeki, mkimbiaji na mpokeaji mmoja. Kiinimacho kinakula dakika kumi kwa wiki, na ukikipa zaidi unaiba chakula cha wengine, kama nilivyofanya mimi.

Kisha jiulize kila kimoja kinavunjikaje. Wing-T ikishindwa, kwa kawaida unapata yadi moja au hupati kitu, na mechi inaendelea. Opsheni ikishindwa unapoteza yadi mbili, au mpira unadondoka pembeni. RPO ikishindwa, mpira unarudi upande wako kwa kasi. Kiinimacho kikishindwa, mama wa Kikongo anakuuliza kuhusu zawadi.

Muda wa kuishi nao unatofautiana. Opsheni haina siri ya kuibiwa: Navy walikuwa wanajulikana watafanya nini, na bado walishinda. RPO vivyo hivyo, mradi kwotabeki anasoma vizuri. Wing-T inaishi kadiri watoto wanavyoendelea kuigiza. Kiinimacho kinaishi mara moja.

Na ukiwa nyuma? Hapo opsheni inalia na RPO inatabasamu. Kwa kocha asiyetaka kuchagua upande, kuna njia ya Coastal Carolina mwaka 2020: Jamey Chadwell aliiweka opsheni ndani ya mpangilio mpana wa kisasa, wapokeaji wametawanyika, kwotabeki Grayson McCall akisoma walinzi kama mtu wa Navy na kupasi kama mtu wa RPO. Desemba mwaka huo waliwafunga BYU 22–17, mechi iliyopangwa siku chache tu kabla. Ni mfumo mzuri wa kutazama. Kwa timu inayokutana jioni mbili kwa wiki ni mzigo mzito.

Mimi ningekwenda hivi. Watoto chini ya miaka 14: Wing-T, pamoja na jet moja, basi. Shule ya sekondari yenye watoto wadogo kuliko wapinzani na kocha atakayekaa miaka mitatu: opsheni, na uwaombe wazazi uvumilivu mapema. RPO iwe ya yule mwenye kwotabeki ambaye angeweza kucheza hata bila wewe. Kama timu yako ni ya bendera, ambako mtu anakabwa kwa kuchomolewa utepe kiunoni, ile ya watu watano kwa watano itakayochezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, huna mstari wa mbele wa kuzuia, kwa hiyo uigizaji wa Wing-T ndio utakaokufaa zaidi. Soma tu kanuni za ligi yako kuhusu mitupo ya nyuma kabla hujachora chochote.

Ule mchezo wa mtupo wa pili bado umo kwenye daftari langu, ukurasa wa mwisho. Kila Alhamisi mazoezi yakiisha watoto wananizunguka kuuomba, na tunaufanya mara tatu kabla ya kwenda nyumbani. Wiki iliyopita ulidondoka mara mbili.